Athumani wa Kikondo

Kila anayedhulumiwa hapa Kikondo
husema, Mungu si Athumani,
kisha humgeukia baba yangu
kama anayemwomba radhi.

Baba ndiye Athumani pekee kijijini,
Mmoraviani mwenye jina la msikitini.
Babu alilitoa kwa Myao mmoja wa cherehani kule Tukuyu
aliyemshonea koti la kwanza maishani, kwa mkopo,
na asimdai hata siku moja.

Nilipokuwa darasa la tatu nikauliza:
huyo Athumani wa kwanza alifanya nini
hata Mungu akanushwe kuwa yeye?
Mwalimu Anyelwisye akasema msemo hauna cheti cha kuzaliwa.
Shangazi Tusekile, kisu na kiazi mkononi, hakusita:
"Alikuwa tarishi wa jumbe. Ukimpa jogoo, kesi inalala."
Mzee wa kanisa akapinga. Alikuwa mpole mno,
ukimpiga kofi asubuhi, jioni anakuazima jembe.
Dereva wa Fuso la viazi, mtu wa Tanga, akacheka:
"Kwetu wako mia tano, na wenyewe wanaulizana
ni nani kati yao."

Basi sikujua:
Mungu hahongeki,
au Mungu hasamehi?
Nilidhani ni jambo moja
mpaka mwaka ule Gwakisa aliposogeza mpaka.

Aliyahamisha mawe usiku, hatua tisa,
akapanda viazi hadi pale kitovu cha baba kilipozikwa.
Baraza la kata lilikuja, likala, likanywa,
likaona mawe yako sawa.
Mama aliufunga mlango kwa teke:
"Mungu si Athumani!"
Baba akavua kofia, akaitundika.
"Najua," akasema. "Nimeishi na habari hiyo."

Juni, jalidi ikashuka kutoka Kitulo.
Alfajiri majani yalikuwa meupe kama yamenyunyiziwa chumvi,
kufika saa nne yalikuwa meusi, yamelegea,
kama mboga iliyosahauliwa jikoni.
Shamba la Gwakisa, lote.
Msemo ukapitishwa nyumba hadi nyumba kama kaa la moto.
Nami niliusema. Ulikuwa mtamu mdomoni.

Ila jalidi haikusoma ramani.
Ilimchoma pia mjane Sekela,
ambaye hajawahi kusogeza hata kigoda cha mtu.
Kwake hakuna aliyepita na msemo.

Jioni ile baba alitoa madebe mawili ya mbegu.
Moja akalishusha kwa Sekela.
Jingine akavuka nalo zile hatua tisa,
mimi nyuma yake na taa ya chemli,
nimevimba kwa hasira hata mwanga unatetemeka.
"Athumani," Gwakisa akasema kutoka ndani, "umekuja kunicheka?"
"Nimekuja na baridi," baba akajibu. "Fungua."

Mama alikaa siku nne bila kumsemesha.
Na mawe, sitaki kudanganya, hayajarudi mpaka leo.
Gwakisa alirudisha debe, tena limejaa pomoni.
Ardhi hakurudisha.

Aprili tumemzika baba,
udongo umelowa, ukungu hadi magotini.
Gwakisa alishika koleo kabla ya kaka zangu
na hakuna aliyemnyang'anya.
Mchungaji alipolitamka jina
nikasikia nusu ya pili ya msemo ikijikwaa
kwenye koo za watu wote.

Tangu siku hiyo nina dhana yangu,
siwezi kuithibitisha:
kwamba aliyeutunga ni Athumani mwenyewe,
mtu aliyechoka kuulizwa atalipiza lini,
akasimama mlangoni pa mtu, mbegu begani, pumzi inatoa moshi,
akawaambia waliomfuata na taa:
kisasi kina mwenyewe, kamuulizeni yeye.
Mimi ni Athumani.