Muulize Kandida

Aliileta karatasi imekunjwa mara nne
ndani ya mfuko wa sukari,
Aikande, katibu wa chama cha kahawa kule Uru,
akainyoosha mezani kwangu, ghorofani, Moshi mjini,
kwa viganja viwili, kama mtu anayempapasa mgonjwa.
"Gia ya mashine ya kumenya. Imevunjika, na kahawa inaiva.
Fundi Ndetaulwa aliyeichora hayupo tena.
Tumesikia wewe unaweza kuisimamisha."

Nikaufuata wino wake kwa kipanya,
duara kwa duara, jino kwa jino,
meno ishirini na manne, na doa la chai
ambalo kompyuta ililihesabu kuwa jino.

Nikauingiza mchoro kwenye programu ya maumbo.
Gia ikaja ndogo kama punje ya buni!
Marehemu alipima kwa inchi,
mashine ikasoma milimita;
inchi nane zikanywea hadi kulingana
na kile zilichoumbwa kukimenya.
Nikazidisha kwa ishirini na tano nukta nne.
Ikakua. Ikalala kwenye kioo, bapa kama barua.

Nikaiambia: inuka.
*Umbo halijafungwa*, kioo kikajibu.

Nikasogea karibu, karibu zaidi,
hadi mstari wa unywele ukawa barabara,
na kwenye jino la tisa barabara ikakatika.
Nusu milimita.
Hapo kalamu iliinuliwa.
Labda aliitwa kula. Labda mvua iliingia dirishani.
Jicho la mtu lina adabu, huruka mwanya kama huo
bila kusema neno.
Kompyuta haikulelewa hivyo.

Nikauziba kwa mstari wangu, mfupi kuliko mguu wa siafu,
nikajihisi nimetia sahihi juu ya sahihi ya mtu.

Sasa unene. Mchoro wa ubavuni unasema
inchi moja na nusu.
Pembeni, kwa penseli, mwandiko ule ule ukiwa na haraka:
*moja na tano ya nane. Muulize Kandida.*

Nikampigia Aikande. Kandida ni nani, bado yuko hai?
Akacheka mpaka simu ikakwaruza.
"Kandida ni hiyo mashine! Ndetaulwa aliipa jina la mkewe,
alisema zote mbili hazikubali kuambiwa."

Umeme ulikuwa umekatika hata hivyo.
Nikatia kalipa mfukoni, nikapanda bodaboda hadi Uru,
migomba inadondosha maji shingoni.
Kandida alikuwa gizani, ananuka grisi na maganda yaliyochacha.
Nikapiga magoti. Nikamuuliza.
Arobaini na moja nukta mbili, akasema,
na hakurudia.

Penseli ilikuwa kweli. Wino ulikuwa matumaini.

Usiku, umeme uliporudi, gia ikainuka.
Niliizungusha polepole, nikauona mgongo wake,
upande ambao Ndetaulwa hakuuchora popote
kwa kuwa alitembea nao kichwani,
akaondoka nao.
Huo nimeukisia. Mchonga vyuma wa Pasua hatajua.

Nikahifadhi faili. Kwenye kona ya maelezo,
pale penye nafasi ya jina la mchoraji,
nikaandika lake, kisha langu kwa herufi ndogo,
na chini yake:
*Kandida kaulizwa.*