Mfalme Jivu wa Shilingi Mia Nne

Zilifika ndani ya bahasha ya khaki, karatasi ishirini,
kila karatasi nyuso tisa,
na juu ya kila uso, jina la nchi yetu.
Waraka ulisema: toleo la kumbukumbu,
miaka hamsini ya filamu za katuni.
Posta ya Arua haikuwa na kumbukumbu hiyo.
Umeme wenyewe ulikuja Jumanne na Ijumaa,
ukaondoka kabla hatujaukaribisha chai.

Sungura mwenye fidla aliisha kwanza,
wakafuata binti mfalme, farasi, kobe mwenye miwani.
Watoto wa Mvara waliwabandika kwenye madaftari;
hawakuwa na mtu wa kumwandikia.
Akabaki yeye, safu ya chini, kona ya kulia:
Mfalme Jivu.
Kidevu kama ncha ya jembe, joho la zambarau,
macho ya rangi ya ndimu changa,
vidole vinne tu kila mkono,
kana kwamba mchoraji aliitwa kula kabla hajamaliza.

Mwalimu Onzima alimrudisha kwa ukucha.
"Farajallah, unataka nimlambe huyu mgongo?"
Katekista akauliza kama gundi yake ina dhambi.
Askari mmoja tu alicheka, akasema
tumelamba migongo mibaya kuliko huu,
na barua hazikufika.
Kisha akatazama mlangoni, akanunua kalamu.

Filamu yake hakuna aliyeiona,
kwa hiyo kila mtu alimtungia kosa.
Aliiba jua. Alimla mama yake wa kambo.
Mimi, peke yangu na mizani na wino,
nilidhani alikuwa karani mahali fulani,
aliyenyimwa mshahara miezi saba.

Ndipo akaja Ayikoru wa Oluko,
mvua ikimfuata hadi kizingitini,
barua ndani ya mfuko wa sukari:
kwa mwanawe Ezati, mashamba ya miwa, Kakira.
Mwaka ule mabasi yalikuwa yakichomwa upande wa Karuma.
Mfuko wetu wa Machi ulirudi nusu, ukinuka moshi.
Nikamwonyesha stempu ya korongo, ndege wa bendera.
Akamsukuma pembeni.

"Huyo ni mzuri, wataanza naye.
Nipe huyu wa kona.
Watu wa msituni wakifungua mfuko
wakamkuta ndugu yao amekaa mlangoni,
watampisha."
Nikasema, zimwi likujualo halikuli likakwisha.
"Basi na limjue mwanangu," akajibu,
akatoa ulimi, akamlamba mbaya mgongoni
polepole, kama anayeonja mchuzi wa watu.
Nikapiga muhuri. Ukamwangukia mdomoni:
ARUA, 11 JUN, mwaka haukushika.

Agosti bahasha ikaja kutoka Kakira.
Ndani, noti mbili, maneno machache,
na Mfalme Jivu, amebanduliwa kwa mvuke wa birika.
*Mama, huyu anajua njia. Mrudishe kazini.*

Kanuni ya posta naijua kwa moyo:
stempu haitumiki mara mbili.
Nikachovya muhuri,
nikalenga jeraha lile lile la mdomo,
nikapiga pale pale.
Oktoba tena. Januari tena.
Joho lilififia, macho yakawa madoa,
gundi tukamkopesha ya uji wa muhogo.

Safari ya mwisho hakuja na bahasha.
Alikuja mfukoni mwa shati la Ezati,
Ezati mwenyewe, mrefu, vumbi hadi kope,
amesimama mbele ya dirisha langu akimtafuta mama yake,
ambaye alikuwa pale pale kwenye benchi,
Alhamisi yake ya kungoja.

Akaiweka stempu kaunta kwa mkono wa kushoto.
Panga la miwa, akasema, Krismasi, si kitu.
Ayikoru akaushika mkono ule, akauhesabu,
akauhesabu tena kuanzia upande wa pili:
vinne.

Hakumtazama mwanawe. Alinitazama mimi.

Nilifunga dirisha saa tisa,
na saa za kufunga, za siku zile, zilikuwa kumi na moja.