Sihitaji kwa Sasa

Nikifunga steshenari usiku
kompyuta siizimi.
Naiachia kazi ya watu nisiowajua:
wanakunja protini, sijui ya mdudu gani,
kipande kimoja kwangu, kingine kwa mtu wa Peru,
kila mmoja anatafuna chake, kisha tunarudisha.
Chilumba ndiye aliyeniwekea, akaenda zake Masasi.
Kusoma inachosema hakunifundisha.

Nayo inasema sana.
Asubuhi nakuta mistari mirefu kama risiti ya duka la jumla.
*Naomba kazi.* Chini yake:
*Kazi zilizotumwa, sifuri.*
Siku ya kwanza nilisononeka.
Nikadhani wameniona, huku Newala,
mashine ya mtumba, kibodi imeng'oka herufi mbili.
Nikajisemea, kumbe hata kujitolea kuna wenyewe.

Nikachukua daftari la madeni,
nikaligeuza, nikaanza kunakili kwa nyuma.

*Siombi kazi: sihitaji kwa sasa.*
Huu mstari ulinikalia siku tatu.
Sihitaji! Nani hapa Luchingu
amewahi kusema neno hilo akiwa na akili zake?
Kumbe ndani mna vipande vya siku mbili vimelala,
na mashine haijazi kikapu ambacho haitakibeba.

*Inasubiri zamu.*
Kazi imefika nusu, imewekwa kando,
nyingine imepanda kwa kuwa tarehe yake inabisha hodi.
Hili nililijua kabla sijalisoma.
Kadi za unyago za Bi Nantende
zilipisha tangazo la msiba wa kina Likwata.
Alinuna. Alizipata Ijumaa.

*Nitajaribu tena baada ya dakika moja.*
Kisha mbili. Kisha nne. Kisha saa nzima.
Nikasema, sasa imesusa.
Mpaka maji yaliporudi bombani baada ya siku tisa
tukavamia wote kwa pamoja,
ndoo juu ya ndoo, na koki ikavunjika shingo
hata wa kwanza asipate.
Jioni ile niliusoma tena ule mstari.
Mlango ukielemewa, unarudi nyuma,
unangoja zaidi ya ulivyongoja jana,
wala saa yako isifanane na ya jirani.

Ulionichoma ni huu:
*Kazi hazitakamilika kwa wakati.
Kompyuta huwaka asilimia arobaini na moja ya muda.*
Arobaini na moja.
Nani aliiambia habari za transfoma yetu,
za umeme ninaonunua wa elfu mbili mbili?
Hakuna. Ilikaa tu na giza letu, ikalihesabu.
Sikuwa na la kubisha.
Nikapunguza kikapu, kazi ya nusu siku, basi.
Kesho yake: *Kazi zilizotumwa, moja.*

Leo Bakari Mtipa kaja na simu mkononi.
Korosho zake ziko ghalani tangu Novemba.
"Somoe, wewe unayeelewa maneno ya mashine,
hebu nisomee na hili."
*Malipo yako yanashughulikiwa.*
Nikalisoma. Nikateremka chini, nikapanda juu,
nikitafuta sababu, nikitafuta saa.

"Hili, kaka yangu," nikamwambia,
"halikusema litajaribu tena lini."

Akanunua kalamu moja, ya bluu.
Nikaiandika kwenye daftari, upande wa mbele.