Unameza Nini?

Fomu ya kwanza ilitoka ng'ambo, na ilitaka kujua
kama mgonjwa anaweza kumeza tufaha.
Daktari Nkwimba alicheka mpaka miwani ikamtoka.
Tufaha! Hapa Bugando, kwa mtu wa Ukara
ambaye tufaha alilisikia kwa padri tu, likiwa mkononi mwa Hawa.

Akakata mstari. Akaandika kwa mkono wake:
Sifuri, anameza michembe mikavu.
Moja, ugali wa udaga, mchuzi uwe mwingi.
Mbili, uji mzito.
Tatu, maji, kwa kituo.
Nne, hata mate yake mwenyewe yanarudi.
Huo ndio ulikuwa utafiti wake wa kwanza.
Ulikula miaka miwili na vibali saba.

Mimi ni mtunza daftari. Nilikuwa namwona
akitoka chumba cha upasuaji saa nne za usiku,
vidole vimenywea ndani ya glavu kama vya mfua nguo,
umio umeondolewa, tumbo limepandishwa
na kushonwa shingoni, lijifunze kazi ya mwenzake.
Hakai. Anauliza: "Na wale wa mwaka juzi?"

Kisu humaliza kazi yake siku ile ile.
Hesabu haimalizi.
Mgonjwa hutoka na mshono wake, akavuka maji,
akabadili laini ya simu, akauza ng'ombe, akahamia kwa shemeji,
nami kwenye safu ya mwisho naandika: Amepotea.
Sitini na mmoja, kati ya mia na arobaini.
Jarida likarudisha andiko: ufuatiliaji hautoshi.
Aliisoma barua ile akiwa amesimama, akaiegesha kikombe juu yake,
chai iliyopoa (ya moto aliiacha tangu aanze kuhesabu makoo),
akasema: "Mtu mwenye mama hapotei.
Sisi ndio hatujui njia."

Basi tukawa watu wa Jumamosi.
Kivuko hadi Nansio, pikipiki, kisha maji tena,
fomu zimefungwa ndani ya mfuko wa mbolea.
Tulimtafuta Mafwele, fundi nyavu;
jirani akatuonyesha tuta la udongo, mihogo imeanza kulizunguka.
"Lini?"
"Mwezi ule wa kumbikumbi."
Daktari akahesabu kumbikumbi kwa vidole,
akaandika: Novemba, au Desemba mwanzoni.
Tulimtafuta Bi Nyabise, upande wa Majita,
tukamkuta sokoni anamgombeza muuza dagaa
kwa ndoo isiyojaa. Sauti ina mkwaruzo, lakini ni sauti.
Hatukumkatiza. Daktari alisimama kando, juani,
akajaza sifuri kabla ya kuuliza.

Miaka kumi na moja. Waliopotea wamebaki wanne.
Wengi wamehamia safu ya waliokufa,
na siwezi kuiita hiyo habari njema,
ingawa andiko lilipokubaliwa idara ilileta soda na keki.
Wahakiki walikuwa wametaka sentensi moja ifutwe:
Wagonjwa hawa hawachelewi, wanacheleweshwa.
Hakuifuta.
Keki nayo hakuila. Alikuwa wodini, kwa kijana
aliyeletwa na namba tatu, miezi minane
akimezeshwa dawa za vidonda vya tumbo
mpaka na dawa zenyewe zikakataa kupita.

Jana nilipiga simu Kome. Akapokea binti wa mzee Lugoye.
Amefariki Jumanne, akasema. Na kabla sijampa pole:
"Lakini Jumapili alikula kichwa cha sato. Alifyonza hata macho,
akatuuliza mbona mmoja tu."

Nikabaki na kalamu. Fomu ina nafasi ya tarehe,
ina kisanduku cha namba.
Nikamfuata daktari koridoni, buti za mpira tayari miguuni,
kofia nusu kichwani.
"Kichwa kizima?"
"Kizima."
"Andika pembeni," akasema, "kwa herufi zinazosomeka,"
na mlango ukamfunga.