Kioo cha Kulia

Sikumpiga mtu. Hilo naliweka mbele,
kama mdaiwa anayetaja kwanza alicholipa.

Ilikuwa Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
Jumanne, saa moja na dakika arubaini,
gari la kijivu mbele yangu limesimama
kumpisha mtu anayekokota baiskeli
yenye kreti nne za mikate, ya tano kichwani,
anavuka kama bibi harusi.

Nikapiga honi. Nikapiga tena.
Nikailalia.
Mwenye gari akatoa mkono dirishani, vidole vitano wazi.
Leo nasema ulikuwa mkono wa subiri.
Siku ile niliusoma tusi.

Mimi, ninayepima macho ya watu pale Bombo!
Mimi, ninayewaambia wazee, "Soma mstari wa chini,
taratibu, hatuna haraka."
Nyumbani Mwanakombo huniita maji ya mtungi.
Nikikanyagwa sokoni, mimi ndiye naomba radhi.
Lakini nifungie ndani ya bati, nipe usukani,
mtungi unachemka bila kuni.

Nilishuka. Mlango niliuacha wazi, redioni matangazo ya vifo.
Nikasema neno ambalo sitaliandika,
lina mama yake ndani,
nikakipiga kwa kiganja kioo chake cha kulia.
Cha kulia, na hakikulia.
Kilining'inia kwa waya wake kama jino la mtoto.

Yule mtu alinitazama tu.
Ana upara, shati la kijani limekosa kifungo.
Akaondoka, kioo kinagonga mlango: ko, ko, ko,
mpaka Barabara ya Kumi na Tano nilikuwa nakisikia.
Nyuma yangu honi kumi.
Sasa mwenye kuziba njia ni mimi.

Hasira za mkizi, wanasema.
Mimi nilivuliwa nyuzi tatu kiganjani,
nikamwambia Mwanakombo ni kopo la samli.

Tanga si kubwa, lakini magari ya kijivu
ni mengi kuliko kunguru.
Miezi miwili, Chumbageni, Majani Mapana,
kwenye foleni ya mafuta, natazama masikio ya magari
kama aliyepotelewa na mbuzi anavyotafuta alama.

Nimelipata jana, Makorora, chini ya kamba ya nguo.
Pale penye kioo pamefungwa kioo cha kujipodolea,
cha plastiki, cha waridi,
kwa mpira wa baiskeli.
Niliinama. Nikaona kanga iliyoanikwa
na kidevu changu, nusu.

"Unatafuta nini, kaka?"

Upara ule ule. Shati jingine.
Samahani ilikuwa tayari mdomoni,
elfu sitini zimekunjwa mfukoni.
Nikasema: "Nauliza njia. Ya kwenda Bombo."

Akatua ndoo. Akanieleza polepole,
akachora kwa kidole kwenye vumbi la boneti,
hapa pinda, pale usipinde, utaona duka la magodoro,
njia ninayopita kila siku mwaka wa kumi na tisa huu.
Nikaitikia kila kona.

"Na ukifika Ngamiani uwe na subira," akasema,
"kuna watu asubuhi huamka na wazimu wao."

Niligeuka niende. Akanyoosha mkono,
vidole vitano wazi, mbele ya kifua changu.
Nyuma yangu baiskeli ilikuwa inapita.