Kituo cha Nne

Orrin anapima barabara kwa uzi wa kushonea,
Duluth hadi Yuma. Ramani imefunika meza yote,
kopo la chumvi limekalia Iowa isijikunje.

"Maili mia tatu kwa siku, zisizidi.
Tufike kabla ya giza. Kurudi kinyumenyume
na nyumba mgongoni si kazi ya macho haya."

Penseli ninayo mimi.
Kambi ya kwanza ina umeme, maji yananuka kutu.
Ya pili imepakana na reli: nimeifuta.
Ya tatu hufunga mabomba baridi ikianza;
nimepiga simu, kijana kasema,
"Njooni kabla ya tarehe kumi."

Ya nne sikumwuliza mtu.
Nimeandika tu: Ogallala, uwanja wa nyasi,
soketi moja ghalani, bure.
Ndipo anapokaa Maybeth, dada yake,
ambaye huu mwaka wa tisa
hatajwi mezani petu.

Uzi ukafika hapo, ukasita.
Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.
"Mwenye kambi anajua tunakuja?"
"Anajua."
Akakohoa. Akasogeza chumvi.
"Basi tulale siku mbili.
Hata matairi huchoka."