Herufi ya Sita

Bastola ina namba moja. Imechorwa ubavuni,
tarakimu saba, na hakuna karani aliyeitilia shaka.
Imelala kwenye sefu ya muuzaji kule Kisumu,
imeshalipiwa, imeshapakwa mafuta,
na kikaratasi shingoni: Wabwile, anasubiri.

Anayesubiri ni mimi.
Na mimi ndiye mwenye majina mawili.

Cheti cha kuzaliwa kinasema Wabwile.
Kitambulisho kinasema Wabwire.
Cheti cha tabia njema kikafuata kitambulisho,
leseni ya duka ikafuata cheti cha kuzaliwa,
na faili langu, lililokaa Nairobi miezi mitano,
limerudi na mstari mwekundu chini ya herufi ya sita.
"Thibitisha," wameandika. Basi.
Nithibitishe nini? Kwamba ulimi wa karani wa zamani
ulikuwa wa upande wa Busia?

Binti wa usajili, Webuye, hakuwa na ubaya.
Alikishika kidole changu gumba, akakibonyeza kwenye kioo
mara ya kwanza, ya pili, ya nne.
Kioo kikakataa.
Miaka kumi na tisa ya kubeba saruji
imenifuta vidole.
"Jipake mafuta wiki mbili, mzee, usiguse saruji,
halafu urudi."
Nisiguse saruji! Na duka lijiuzie lenyewe?

Naam, duka. Saa mbili kasorobo usiku,
mwezi wa pili, nikipima misumari ya bati,
waliingia watatu. Mmoja alisema "shikamoo" kwanza.
Hilo ndilo lisilonitoka.
Nililala kifudifudi,
shavu kwenye vumbi la saruji ninayoiuza mwenyewe,
na Barasa, kijana wangu wa mizigo,
akajikojolea kando yangu. Hatujalitaja tena.
Kulipokucha nilikwenda kituoni kuomba fomu.

Ogalo, muuzaji, ni mtu mstaarabu.
Nikifika hunipa kiti na chai,
hufungua sefu, hunionyesha.
Kushika, la. "Sheria inanitazama, ndugu yangu."
Basi naweka mikono mapajani kama mtoto kanisani,
naitazama: nyeusi, ndogo, haina haraka na mtu.
Safari ya tatu niliona kama nimekuja kumjulia hali mgonjwa,
ila sikujua mgonjwa ni nani kati yetu.

Jumapili nikamwuliza mama,
Namalwa wa miaka themanini na moja, akichambua mrenda:
"Mama, ni L au ni R?"
Akacheka hadi akakohoa.
"Ni giza, mwanangu. Ulizaliwa giza limeshaingia,
taa haina mafuta.
Baba yako alibisha kwa mkunga, mkunga akafungua.
Hakuuliza nani anabisha."
Akarudi kwenye mrenda wake
kana kwamba amenijibu.

Jana nimekula kiapo kwa wakili, ghorofa ya pili, juu ya kinyozi,
shilingi elfu moja na mia tano, mhuri juu yake:
kwamba Wabwile na Wabwire ni mtu mmoja,
yaani mimi, na hiyo ndiyo kweli kwa kadiri nijuavyo.

Kalamu ilisita kwenye ile ya sita.
Maana yuko aliyelala sakafuni,
ambaye kwa mazoea tu, jamani, kwa mazoea,
aliitikia "marahaba."
Na yuko huyu wa safari za Kisumu,
anayekunja kidole cha shahada chini ya meza
mkewe akipakua ugali.
Hao wawili hawajawahi kuonana.

Wakili akauliza kama nina la kuongeza.
Nikasema sina.
Nje giza lilikuwa linaingia,
nikaharakisha kwenda kufunga duka.